Kigong'ota Aomba Siku Saba

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele, mnasikia? Tunasikia! Na nyie wa nyuma? Tupo!

Basi, hapo zamani za kale, msituni palikuwa na ndege aliyeitwa Kigong'ota. Alikuwa fundi wa kuchonga nyumba mitini. Hakuwa na bwana wala bibi. Anayetaka nyumba anakuja, wanapatana, kazi inaanza. Ko-ko-ko-ko! Nyumba ikiisha, mapatano yameisha. Anaruka, anakwenda mti mwingine. Ko-ko-ko-ko!

Alimchongea Kasuku. Alimchongea Komba. Akachonga masika, akachonga kiangazi. Hakuwahi kukaa hata kidogo kwenye mti aliomaliza. Hakuwahi hata kugeuka kuutazama. Ageuke kwa nini, na mti mwingine unamngoja?

Kazi zake alizileta Kima. Kima alikuwa dalali. Alimjua kila anayetafuta nyumba, na kila ambaye nyumba yake imeangushwa na upepo. Anakuja mbio juu kwa juu, chakacha-chakacha-chakacha, mkia hewani. "Fundi! Kuna kazi!"

Siku moja Kigong'ota alimaliza nyumba kwenye msufi. Akapangusa mdomo wake kwenye gome. Msitu ukawa kimya. Lakini kichwani mwake, ko-ko-ko-ko! Akatikisa kichwa. Ko-ko-ko! Akaenda kunywa maji. Ko-ko!

"Mimi sigongi," akasema. "Sasa nani anagonga?"

Akaogopa sana.

Mara, chakacha-chakacha, Kima huyo. "Fundi! Mzee Bundi anataka nyumba ya vyumba vitatu kwenye mninga. Kesho tunaanza."

"Kesho siwezi."

"Keshokutwa?"

"Nipe siku saba."

"Siku saba! Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umefiwa?"

"Sikufiwa."

"Sasa siku saba za nini?"

Kigong'ota akafikiri. Akafikiri tena. "Za kukaa," akasema.

Kima akacheka mpaka akashika tawi asianguke. "Za kukaa! Dada yangu, fundi hakai. Ukikaa siku saba msitu utakusahau. Na yule ndege Zuwakulu naye ana mdomo. Anachonga vibaya, lakini anachonga."

Maneno hayo yalimwingia. Hata hivyo akasema, "Siku saba, Kima." Akaruka.

Aliruka, aliruka, mpaka mabawa yalipochoka. Akatua kwenye mvule mkubwa. Hakuuchagua. Hapo ndipo uchovu ulipomshusha.

Siku ya kwanza, mdomo ulimwasha. Akagonga mara moja, ko! Akaona haya, akauficha mdomo chini ya bawa. Siku ya pili alimwaza Zuwakulu tangu asubuhi mpaka jioni. Nusura arudi. Siku ya tatu alilala mchana kutwa. Alipoamka, kichwa kilikuwa kimya. Na katika ule ukimya akaanza kusikia. Akasikia siafu wakipita chini ya majani makavu. Akasikia tone la maji likidondoka, to! Akasikia mti wenyewe ukikoroma kwa upepo, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Lo!" akasema. "Kumbe msitu unasema hivi siku zote?"

Siku ya nne akasikia kishindo cha mabawa. Vuu! Vuu! Vuu! Alikuwa Hondohondo, na tunda la mkuyu mdomoni. Akatua ubavuni mwa mvule, mbele ya ukuta wa udongo. Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba kama jani. Ncha ya mdomo ikachomoza ufani, ikachukua tunda, ikarudi ndani.

Kigong'ota akashtuka. "Kaka Hondohondo! Umemfungia nani humo?"

"Sikumfungia mtu. Ni mke wangu, amejifungia mwenyewe. Hukumbuki? Nyumba hii ulituchongea wewe."

Kigong'ota akautazama mti juu, akautazama chini. Hakuukumbuka. "Mimi nilichonga mlango. Mlango uko wapi?"

"Ulipoondoka tu, aliuziba kwa udongo. Kisha akapukutisha manyoya yake yote ya kurukia, akamtandikia mtoto. Hawezi kuruka, hawezi kutoka. Kinachomlinda ni ukuta huu. Anayemlisha ni mimi."

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tatu."

Kigong'ota akausogelea ufa. Miezi mitatu! Mama mzima, bila manyoya ya kurukia, gizani, ndani ya shimo alilolichonga yeye bila hata kuuliza nani atakaa humo.

"Nilidhani nachonga shimo tu," akasema polepole.

Siku ya tano hakutoka pale. Siku ya sita pia hakutoka. Hondohondo alikwenda na kurudi, alikwenda na kurudi, amekonda kwa safari. Mumewe akiwa ameondoka, Mama Hondohondo aliita kutoka ufani, "Nani yuko hapo nje?"

"Ni mimi, fundi."

"Karibu, fundi. Niwie radhi, siwezi kukufungulia."

Wakacheka wote wawili. Kigong'ota akauliza, "Huogopi humo?"

"Mwanzo niliogopa. Sasa kuna moyo mwingine humu, unadunda karibu na wangu. Nausikiliza."

Siku ya saba, jua lilipochomoza tu, Kigong'ota akasikia: ko.

Akashika kichwa. "Makelele yamenirudia!"

Ko. La, haikuwa kichwani. Ilitoka ukutani. Ko... ko. Ni mtoto! Lakini udongo ulikuwa umekauka, umekuwa jiwe. Ko... Kisha kimya.

Kigong'ota hakuweza kuvumilia. Akarukia ukuta, akainua mdomo. "Kaeni mbali na mlango! Navunja mara moja!"

"Shusha mdomo wako!" sauti ikatoka ndani.

"Mama, mtoto amechoka!"

"Namwona. Atapumzika, ataanza tena. Nguvu za kurukia anazipata hapa hapa, kwenye ukuta huu. Mimi nimemsubiri miezi mitatu, fundi. Wewe subiri asubuhi moja."

Mara, chakacha-chakacha-chakacha! "Fundi! Siku saba zimeisha! Mzee Bundi yuko kwenye mninga, na Zuwakulu naye yuko njiani. Atakayefika kwanza ndiye atakayechonga. Twende!"

Mabawa ya Kigong'ota yakafunguka yenyewe.

Ko, ukuta ukasema.

Akayafunga. "Nipe muda kidogo, Kima."

"Muda hakuna!"

Kigong'ota akautazama ufa. "Basi mpe Zuwakulu."

"Umesemaje?"

"Kazi ile, mpe Zuwakulu."

Ko. Ko-ko. Jua likapanda. Ko-ko-ko. Ufa ukapanuka. Kipande cha udongo kikaanguka, pu! Kikaanguka kingine, pu! Kikatokea kichwa. Macho yakafumba kwa mwanga, yakafumbuka, yakaona majani, yakaona mawingu, yakamwona Kigong'ota. Mtoto akafungua mdomo akapiga ukelele, na mvule wote ukaitika.

Nyuma yake akatoka mama. Na mabawa, jamani! Manyoya mapya, meusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Akayakunjua, vuuu! Akaruka.

Hondohondo aliangusha tunda lake. Kima naye alikuwa hajaondoka. Alikaa tawi la chini, mdomo wazi. Na Kigong'ota alilia, hakujua analilia nini.

Je, kazi ya Mzee Bundi? Zuwakulu aliichukua. Kigong'ota alikaa bila kazi mpaka mwezi mwingine ulipoandama, akidonoa wadudu wa kubahatisha. Alikuwa na wasiwasi, msidhani hakuwa nao.

Kisha Kima akaja na kazi. Safari hii, kabla ya kuanza, Kigong'ota alimwuliza mwenye nyumba, "Utakaa humu na nani?" Akasikiliza jibu mpaka mwisho, ndipo akagonga. Na alipomaliza, alikaa juu ya mti ule siku saba, akiutazama. Kima alinung'unika, lakini akazoea. Akawaambia wateja, "Fundi wangu anapumzika. Msubirini, au nendeni kwa Zuwakulu." Wengine walikwenda kwa Zuwakulu. Wengine walisubiri.

Funzo lake ni hili, wadogo kwa wakubwa: asiyepumzika kati ya kazi na kazi, huona kazi tu, haoni uhai anaoufanyia kazi. Kupumzika kutakupotezea kitu. Pumzika hivyo hivyo.

Hadithi yangu inaishia hapo. Aliyesinzia, jirani yake amsimulie.