Kwa Nini Mzimu wa Jumba la Wexcombe Hubisha Mara Tatu

Nisameheni mapema, hadithi hii nitaiharibu. Babu yangu Mwinyimvua akiisimulia, watu walisahau ubwabwa mdomoni. Mimi nikiisimulia, watu hukumbuka wameacha chungu motoni. Vumilieni.

Zamani mizimu ya Uingereza haikuwa na adabu. Katika jumba la Wexcombe, ambako babu alitolewa Pangani kwenda kupika, aliishi Bibi Arabela, marehemu wa miaka mia mbili. Mlango hakuujua. Alipenya ukutani watu wakiwa mezani, wakivaa, hata wakiwa wamejaa povu bafuni. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mpweke tu, akitafuta wa kuzungumza naye. Lakini watumishi walikimbia mmoja mmoja, mpaka mwenye jumba akaapa kwamba Jumapili kasisi angekuja kumfukuza.

Ijumaa alasiri, babu akikanda maandazi, Bibi Arabela akachomoza kwenye kabati la sahani, analia.

"Nimezaliwa humu. Nitakwenda wapi mimi?"

Babu hakuinua kichwa. "Bibi, kwenu hakuna hodi?"

"Nipige hodi nyumbani kwangu?"

"Mama yangu kanizaa, na chumbani kwangu haingii bila hodi! Toka, uanze upya. Bisha mara tatu. Ukijibiwa karibu, ingia. Usipojibiwa, nenda zako, tena bila kununa."

Akatoka, kupitia ukutani.

"Mlangoni, Bibi!"

Walifanya mazoezi siku mbili. Jumapili kasisi alipofungua kitabu chake, mlango ukabishwa kwa upole: ko, ko, ko. "Karibu, Bibi!" babu akaitikia. Bibi Arabela akaingia, akainama, akauliza hali za watoto. Kasisi akafunga kitabu. "Huyu ana adabu kuliko waumini wangu," akasema, akaomba andazi.

Miaka ikapita, babu akarudi Pangani. Na tangu siku alipofunga sanduku lake, Bibi Arabela hubisha mara tatu, husubiri, kisha huondoka bila kununa. Wenyeji hutetemeka tu. Hawajui kwamba anapiga hodi.

Mwaka juzi nilikwenda mwenyewe kumpelekea salamu za babu. Nimekaa chumbani, mara: ko, ko, ko. Nyumba nzima, aliyejua jibu ni mimi peke yangu.

Basi mkisikia bado yuko nje, msimlaumu. Neno "karibu" nililisema, naapa, tena kwa sauti kubwa. Ila nilikuwa nimeshakimbia mpaka stesheni ya treni.