Joto la Nyuma ya Jengo

Ndugu zangu, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyejenga jengo la maduka katika mji wenye joto kali. Akaweka viyoyozi kila ghorofa. Mtu anaingia kununua kipande cha sabuni, anakaa humo saa nzima kwa ajili ya ubaridi tu. Mnawajua watu hao, wengine tunao hapa.

Joto lililotolewa ndani lilipulizwa na mashine nyuma ya jengo. Hapo palikuwa na mama aliyeuza mboga tangu jengo lenyewe halijaota. Sasa mchicha wake ulinyauka kabla ya adhuhuri, na nani atanunua mchicha ulionyauka? Watoto wake walikula na kusoma kwa mapato ya meza hiyo ya mboga.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alimwona mama akijipepea kwa kipande cha boksi, akamhurumia. Kila mchana akampelekea chupa ya maji baridi. Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda wa maji hayo, watu wakapiga makofi. Mngekuwepo, msingepiga?

Siku moja mama alipokea chupa yake, akashukuru, kisha akasema, "Bosi, maji ni mazuri. Ila mboga zangu zinaungua. Naomba hizo mashine uzigeuzie upande ule."

Tajiri akatazama upande ule. Palikuwa na kivuli kizuri, na gari lake lilikuwa kivulini.

"Mama, pale naegesha gari. Lakini usijali, kuanzia kesho nitakuletea chupa mbili."

Kesho yake alifika na chupa mbili. Meza ilikuwa imeondolewa.

Wapendwa, sisi ni hodari wa kugawa maji. Maji hayatunyang'anyi kivuli. Binti wa kazi nyumbani kwako analala wa mwisho na kuamka wa kwanza ili wewe upumzike, nawe unampa gauni lako kuukuu ukijiona umetenda wema. Yeye anataka kulala. Umewahi kumuuliza?

Nina jambo moja bado, na linaniuma. Mwezi uliopita tulishangilia viyoyozi vipya vya kanisa letu. Jana nilizunguka nyuma ya ukuta huu. Mashine zetu zinapuliza kwenye dirisha la chumba anachopanga mjane mmoja, ana mtoto mchanga, na dirisha ameliziba kwa godoro. Hakuna aliyemgongea mlango, hata mimi.

Sadaka tutatoa. Kwanza, mzee wa kanisa, naomba uzime hizo mashine.