Msiba wa Mto Lungwa

Wewe unayesikiliza, maji uliyonawia uso leo asubuhi yalikuwa na rangi gani? Kama imekubidi ufikiri kwanza, basi hujawahi kukaa Mtaa wa Chini.

Hapo zamani, katika mji wa Kisawira, alikuwako Sultani jina lake Shariani, na mji wake ulipitiwa na mto uitwao Lungwa. Huko juu, ubavuni mwa jumba la Sultani, palikuwa na kiwanda cha rangi cha Tajiri Maftaha, ambaye vitambaa vyake vilivaliwa na kila mwenye jina. Huko bondeni palikuwa na Mtaa wa Chini, ambao watu wake hawakuwa na jina lakini walikuwa na kiu. Kila siku ya kazi Maftaha alifungua mfereji wake, akaumwagia mto masazo ya mapipa yake pamoja na dawa za kushikiza rangi, dawa ambazo yeye mwenyewe hakuzigusa ila kwa kijiti kirefu. Ikawa watu wa chini hawana haja ya kuulizana siku. Mto ukiwa mwekundu, ni Jumatatu. Ukiwa wa kijani, ni Jumanne. Na Alhamisi ulikuwa na rangi isiyo na jina, iliyonuka kama sarafu zilizochemshwa kwa siki. Mbuzi walikuwa na ndevu za zambarau. Punda mmoja wa kijivu alishinda mtoni siku tatu, akarudi wa manjano, na mwenyewe akamkana mbele ya mashahidi. Samaki hawakuwako tena, na watoto walijikuna mpaka damu.

Watu wakamwandikia Sultani barua, akaipokea kwa adabu. Wakaandika ya pili, akaunda tume. Tume ikaenda mtoni, ikasimama juu ya kiwanda, mahali ambapo maji bado hayajaonana na Maftaha, ikachota kikombe kimoja, ikala pilau kwa Tajiri siku nne, kisha ikaandika kwamba maji ya Lungwa yamechunguzwa na kuonekana yana majimaji ya kutosha. Waziri akaisoma taarifa hiyo barazani kwa sauti nzuri, na waliohudhuria wakapiga makofi, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa pembeni.

Basi mtaani humo alikaa mwanamke aitwaye Bi Kazija, mwosha maiti, fukara, ambaye mali yake ilikuwa ndoo mbili, kata moja na ulimi. Mjini walimcheka, kwa maana ndiye aliyeitwa jumbani mwaka ule kumwosha kasuku wa Sultani aliyekufa, akamwosha mara tatu, akamfunika, akamlilia kidogo kwa heshima ya kazi. Kasuku huyo alikuwa akiwatukana mawaziri wote, na Sultani alimpenda kuliko mawaziri wote. Alipokufa, mji mzima ulifungwa kwa amri, ukakaa msibani siku tatu.

Kazi ya Kazija ilikuwa na sharti moja alilofundishwa na nyanya yake: huachi kumwaga mpaka maji yanayotoka kwa maiti yawe safi kama yalivyoingia. Sasa yalikuwa yakiingia machafu, naye hakujua tena aache lini.

Hata Jumanne moja akafariki Bi Mwanakombo, bibi kizee wa mtaa huo, ambaye ujanani alikuwa amemnyonyesha Sultani. Jumbani wakaleta sinia ya haluwa na salamu. Kazija akaosha tangu asubuhi hata adhuhuri. Alipomvika sanda, sanda ikanyonya unyevu, ikageuka kijani mbele ya macho yake, kuanzia miguuni kupanda juu. Siwema, binti wa marehemu, akaingia kumtazama mama yake mara ya mwisho, akauliza polepole, "Kazija, umemvika nini mama yangu?"

Kazija akashika pindo la sanda, akalikamua, matone ya kijani yakamdondokea kiganjani. Siku ya pili yake akafuta ndoo zake, akazigeuza kifudifudi, akapanda jumbani.

Sultani alikuwa anakula tende, na Maftaha ameketi karibu naye kama mto wa kuegemea. Kazija akaeleza habari yote ya maji, punda kwa watoto. Sultani akasikiliza mpaka tende ya tano, kisha akachoka, akanena:

"Ewe mwanamke, mimi hupokea mashtaka ya aliyedhulumiwa mwenyewe, si ya jirani zake. Huo mto haujanijia. Ulete Ijumaa, usimame juu ya zulia hili, useme kwa kinywa chake ni nani kaukosea. Usipokuja, nitajua mlikuwa mkimsingizia Maftaha, na Mtaa wa Chini wote utahama, ili Tajiri apate mahali pa kuanika vitambaa."

Baraza likacheka, Maftaha zaidi, huku jicho lake likipima uwanja huo wa kuanikia. Kazija akainama. "Nimesikia, Maulana. Ijumaa utapata habari ya mto."

Mtaani wakamwambia kwamba amewauza. Wengine wakaanza kukunja mikeka, na mwenye punda wa manjano akasema angalau yeye hana punda wa kuhamisha. Kazija hakubishana na mtu. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba kaniki, zile nguo nyeusi za msiba, na kwa Siwema akaomba pia jeneza.

Ijumaa ikafika. Wanawake arobaini wakapanda jumbani wamejitanda kaniki, kimya, wamebeba jeneza, na juu ya jeneza chungu kimoja cha maji ya mto kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Walinzi wakawapisha, maana hakuna mlinzi anayejua namna ya kuzuia jeneza. Wakalitua juu ya zulia. Kazija akapiga goti.

"Maulana, yule uliyemwita hakuweza kuja. Tumeleta tanzia. Lungwa amefariki."

Sultani akacheka mpaka tende ikampalia. Akauliza mto unakufaje. Kazija akajibu kwamba mtu akiacha kulisha wanawe, akabadilika rangi, akavimba, akanuka, na nzi wakamtangulia jamaa zake, yeye kwa kazi yake humwita maiti, hajui wenzake wa elimu humwitaje. Waziri akaona ndipo pa kumnasa, akauliza kama huyo marehemu ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa mwosha lazima awe wa jinsi yake.

"Mwanamke, bwana," akasema Kazija. "Miaka yote tunaoga naye. Angalikuwa mwanamume, waume zetu wangalikwisha kuleta ugomvi."

Kisha akamwomba Waziri, kwa hisani yake, asome amri aliyoiandika mwaka ule wa kasuku. Waziri akafungua kitabu, akasoma, safari hii kwa sauti isiyo nzuri sana: kwamba maadamu yuko maiti mjini ambaye hajaoshwa akazikwa, moto wowote wa kazi uzimwe, ngoma isipigwe, na Sultani mwenyewe akae jamvini pamoja na wafiwa; na kwamba maiti ni chochote kilichokuwa hai kikapendwa, na atakayecheka akatwe ulimi.

Kicheko kikakoma barazani kama kilichomwagiwa maji. Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama kitabu. Ikawa njia ni mbili tu: ama mto ni maiti, ama kasuku alikuwa ndege tu, na mji mzima ulikaa msibani siku tatu kwa ajili ya ndege. Sultani alikuwa tayari kupoteza mengi, lakini si heshima ya kasuku.

"Poleni," akasema kwa taabu. "Tangazeni msiba."

Basi moto wa wahunzi ukazimwa, na wa wakaanga kahawa, na wa jiko la Sultani, kwa kuwa mpishi wake hupika kwa mshahara, na huo ni moto wa kazi. Mapipa ya Maftaha yakapoa, mfereji ukakauka. Jamvi likatandikwa ukingoni mwa mto, Sultani akakalishwa hapo katikati ya watu wa Mtaa wa Chini, jeneza mbele yake. Siku ya kwanza akaletewa wali wa msiba. Akautazama, ukawa una rangi ya Jumatatu, kwa kuwa wekundu ndio uliong'ang'ania matopeni, akasema amefunga. Tangu hapo alikula tende.

Kazija akatia ndoo zake maji ya juu ya kiwanda, ambako Maftaha alikuwa ameweka uzio na mlango. Lakini maji ya kuoshea maiti hayazuiliwi, na mlango ukafunguliwa. Akawa anamwagia mto kwa kata, kata baada ya kata, uso hauna mzaha hata chembe. Kila alasiri alichovya kipande cha sanda, akakiinua watu wakione. Siku ya kwanza kikatoka chekundu. Siku ya tatu kikatoka kama ufizi. "Bado," akasema, akaendelea. Sultani akauliza mara moja, kwa sauti ya chini, mto huzikwa wapi. Kazija akamjibu kwamba hilo mto unalijua wenyewe, na haujawahi kupotea njia. Yeye kazi yake ni kuosha.

Siku ya tano Maftaha akaja jamvini mbio. Vitambaa vya harusi ya binti Sultani vilikuwa vikiozea mapipani. Akanena kwamba huu ni upuuzi mtupu, kwamba mto haujafa, mbona unatembea.

"Ni furaha iliyoje," akasema Kazija bila kuacha kumwaga. "Kama yu hai, bwana, mwambie apande jumbani. Ameitwa na Sultani tangu Ijumaa, na hajatia mguu."

"Hajafa, amezimia tu!"

"Kazimishwa na nini?"

Maftaha akasema anasikia kizunguzungu, akaenda kukaa kivulini.

Hata siku ya tisa mbuzi mmoja akashuka mtoni, akanywa, na ndevu zake zikatoka kama zilivyoingia. Watu wakaanza kunong'onezana. Kazija akachovya kipande cha sanda, akakiinua, akakigeuza huku na huku juani. Kilikuwa cheupe. Alikuwa amesahau kwamba sharti la nyanya yake linawezekana. Akampa Siwema akishike.

Siwema akakitandaza jamvini mbele ya magoti ya Sultani. Walinyonya ziwa moja hawa wawili, lakini tangu Sultani avae kilemba hawakuwa wamesemezana.

"Kaka," akasema Siwema, "mama hakuipata hii. Mama alizikwa wa kijani."

Sultani akakitazama kile kitambaa, asikiguse.

Ndipo Kazija akasimama kichwani pa jeneza. Desturi ya mji, kabla maiti hajainuliwa, ni kuuliza mara tatu kama yuko aliyemkosea, aseme asamehewe. Na asiposema, jeneza haliinuki, na moto hauwashwi.

"Jamani, yuko aliyemkosea marehemu?"

Maji yakasikika yakipita, sauti ambayo watoto wa mtaa ule walikuwa hawaijui.

"Jamani, yuko aliyemkosea marehemu?"

Watu wakageuka kumtazama Maftaha kivulini. Akajifuta shingo, akatazama moshi usiokuwako juu ya kiwanda chake, akapima hasara, akasimama. "Haya, mimi nilimwaga," akasema. "Nilimwaga miaka saba. Lakini pa kumwaga sikupachagua mimi."

Hakuna aliyemuuliza ni nani aliyepachagua. Waziri akaanza kufunga kitabu polepole kama mtu anayetaka kuondoka bila kuonekana. Kazija akamngojea atulie. Kisha akauliza mara ya tatu, na safari hii hakuuliza kwa sauti ya kazi, aliuliza kama mtu aliyebaki na deni la jibu kwa binti wa maiti.

Sultani akatema kokwa ya tende kiganjani. Akakitwaa kile kipande cheupe, akakiweka juu ya goti lake, akakinyoosha.

"Mimi," akasema. "Tajiri alikuja akaniuliza, dawa hizi nizimwage wapi. Nilikuwa ninatafuna, sikutaka kufungua kinywa. Nikamwonyesha kwa kidevu, hivi."

Na kidevu kikaenda chenyewe upande ule ule, kuelekea vibanda vya Mtaa wa Chini, kwenye mlango wa nyumba ya Bi Mwanakombo.

"Na nilikuwa ninajua ni nani anakaa huko."