Mtungi wa Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni karibu na moto. Na wewe uliyejifunika kanga gubigubi, funua masikio. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina mama na udongo wake.

Hapo kale, zamani zile watu na wanyama walipokuwa bado wanasalimiana njiani, palikuwa na mfinyanzi mmoja jina lake Mwasiti. Mumewe alikufa kwa homa akamwachia mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Siwema, wa miaka kumi na miwili. Mdogo aliitwa Mashavu, na huyo hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka. Nyumba yao ilikuwa kilimani juu ya mto, na vijiji saba vilipikia vyungu vya Mwasiti.

Siwema huyo alikuwa mbishi! Ukimwambia keti, anasimama. Ukimwambia nyamaza, anauliza kwa nini. Alikuwa na pengo la mbele, na alikuwa akisukwa nywele za twende kilioni, mistari minane imenyooka kutoka usoni mpaka kisogoni. Lakini jua halikutua ila mstari mmoja ulikuwa umeshafumuka, maana akiwaza jambo, vidole vyake vilikuwa havitulii.

Basi siku moja asubuhi Siwema alikwenda mtoni kuteka maji. Hakurudi.

Kina mama waliposhuka walikuta kata yake ya majani, ile ya kujitwikia, iko peke yake ukingoni. Wanaume wakaingia majini na miti mirefu. Wakatafuta siku ya kwanza, wakatafuta siku ya pili, wakatafuta siku ya tatu. Mto ulikuwa kimya. Hawakumwona.

Watu walimwuliza Mwasiti, "Ilikuwaje?"

Akajibu, "Nilimtuma maji tu."

Wakalia matanga, wakamaliza, wakarudi kwenye mashamba yao. Mwasiti akabaki. Jamani, aliyezikwa ana mahali. Mama yake huenda, akang'oa majani yaliyoota, akaketi, akasema naye. Siwema hakuwa na mahali. Mwasiti alikuwa akitoka mlangoni hajui aelekee wapi na uchungu wake.

Jirani yake, Bi Mize, alimletea uji. "Kula, mwenzangu."

"Nile vipi, na mwanangu sijamlaza?"

"Na huyu mwingine je? Mashavu jana amelala kwangu, juzi amelala kwangu. Hasemi, hachezi, anakaa kama mgeni."

Mwasiti akageukia ukutani. Uji ukaganda.

Kulipokucha alishuka mtoni. Ukingoni alimkuta Kenge, amejilaza juu ya jiwe anaota jua.

"Kenge, we Kenge! Nipe mwanangu nimzike!"

Kenge akafumbua jicho moja. "Sina mwanao wa kukupa, mama. Nina neno lake tu."

"Neno gani?"

"Mimi watoto wote wakiniona hunitupia mawe. Yeye siku ya kwanza nilimtolea ulimi ili akimbie. Naye akanitolea wake! Tangu hapo ndiyo ikawa salamu yetu. Akija, ananitolea ulimi, namtolea ulimi, anateka maji, anakwenda zake."

Mwasiti hakulijua hilo. Akarudi nyumbani nalo.

Siku ya pili akashuka tena. Akamkuta Kiboko, maji yamemfika puani.

"Kiboko, we Kiboko! Nipe mwanangu nimzike!"

Kiboko akapumua, maji yakaruka. "Sina mwanao wa kukupa, mama. Nina neno lake tu."

"Neno gani?"

"Alikuwa akiimba. Na aliimba vibaya, nisikufiche, sauti ilikuwa kama mlango mbovu. Lakini nilikuwa naacha nyasi mdomoni nimsikilize." Kisha Kiboko, na uzito wake wote ule, akaimba polepole:

*Shavu la kulia nimelibusu,
shavu la kushoto linalia wivu,
geuka, mdogo wangu, geuka.*

Mwasiti akajua ni wimbo wa kumbembelezea Mashavu. Lakini hakuwahi kuusikia nyumbani kwake. Kumbe mwanawe aliutunga pale mtoni, akaufanyia mazoezi pale mtoni. Akarudi nyumbani nalo hilo.

Siku ya tatu akashuka tena. Juu ya tawi alikuwa Mdiria, yule ndege wa buluu anayezamia samaki.

"Mdiria, we Mdiria! Nipe mwanangu nimzike!"

Mdiria akainamisha kichwa. "Sina mwanao wa kukupa, mama. Nina neno lake tu. Lakini bora usiniulize."

"Nakuuliza."

"Nilimwona akianguka. Alikuwa amekwisha kujaza mtungi, anapanda. Jiwe likamponyoka chini ya mguu. Akaingia majini na mtungi kaukumbatia kifuani. Mtungi umejaa, mzito, ukawa unamvuta. Nilipiga kelele, 'Uachie! Uachie! Uachie!' Angeuachia, angeshika mizizi ile pale. Hakuuachia."

Mwasiti akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hakuuachia?"

"Hilo, mama," Mdiria akasema, "nadhani unalijua wewe."

Mwasiti akakaa chini kwenye udongo. Alilia kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku za matanga. Ndege akangoja mpaka akanyamaza, kisha akasema, "Tazama hapo mbele ya goti lako. Hizo ni nyayo zake za mwisho."

Kweli. Kwenye udongo wa ukingo palikuwa na nyayo mbili ndogo, zimekauka, vidole vyote vinaonekana. Mwasiti akaweka kiganja ndani ya mmoja. Akatazama juu: mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujipanga mlimani. Mvua ikija, na hizi zitakwenda.

Alikaa pale mpaka jua likawa la utosi, moyo mmoja unamwambia aziache, moyo mmoja unamwambia azichukue. Mwishowe akavua kanga ya juu, akaitandika, akauchimba ule udongo kwa mikono, pamoja na nyayo zote mbili, akajitwika.

Akamwambia Bi Mize, "Namfinyangia mwanangu mtungi. Huo ndio utakuwa mahali pake."

Akaukanda udongo, akafinyanga mtungi mzuri sana, mviringo, mdomo umesawazika. Hakuchanganya kitu ndani yake, maana alitaka uwe udongo ule tu. Akauanika, ukakauka, akaupanga kwenye kuni na majani, akawasha moto. Moto ulipokolea pakasikika: ta! Mtungi ukapasuka.

Ulikuwa umebaki udongo. Mara hii akachanganya mchanga, akafinyanga mtungi mzuri kuliko wa kwanza, akausugua kwa kokoto mpaka ukang'aa. Akauanika, akauchoma. Ta! Ukapasuka.

Sasa udongo uliobaki ulikuwa wa mtungi mmoja tu, na mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha kule mlimani. Mwasiti akaliweka donge lile mapajani, akawa analikanda.

Mashavu alikuwa mlangoni. Alikuwa hajasema neno na mama yake tangu matanga. Akasema, "Mama, mbona hutii vigae?"

Ninyi mnajua, au kama hamjui nitawaambia. Mfinyanzi akitaka chungu kisipasuke, husaga vigae, vipande vya chungu kilichovunjika, akachanganya unga wake na udongo mpya. Mwasiti alilijua hilo tangu akiwa msichana.

"Vigae vimekwisha, mwanangu."

"Vipo."

"Havipo."

"Vipo, mama. Viko chini ya kitanda chako, umevifunika kwa ungo."

Mwasiti akaacha kulikanda donge. Bi Mize, aliyekuwa akipepeta mtama pale uani, naye akaacha kupepeta.

"Vile," Mwasiti akasema, "ni vya mtungi mkubwa. Aliuvunja Siwema, asubuhi ile ile. Nilikuwa nimeufanyia kazi mwezi mzima." Akamgeukia jirani yake. "Mize, nilikwambia nilimtuma maji tu. Nilikudanganya. Nilimpiga. Kisha nikampa mtungi mwingine mkononi, nikamwambia, 'Na huu ukiuvunja, usirudi hapa.' Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Mtungi ulimvuta chini, na hakuuachia, kwa sababu yangu."

Bi Mize akauweka ungo wake chini. Mwasiti hakuthubutu kuinua macho.

Mashavu akasema, "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Ulivyomwambia. Nilikuwa hapa hapa mlangoni." Mtoto akakunja vidole vyake. "Ndiyo maana sichezi. Naogopa nikivunja kitu, na mimi nitapotea."

Ewe! Mwasiti aliuweka udongo chini. Alikwenda kwa mwanawe kwa magoti, hakukumbuka kusimama. Akamshika uso kwa mikono yenye tope. "Vunja," akamwambia. "Mwanangu, vunja vyote. Vyungu vyote vya humu ndani vunja, na urudi. Siku zote urudi." Na Mashavu akalia kwa sauti, mdomo wazi, kilio chake cha kwanza tangu dada yake aende. Walishikana pale mlangoni mpaka Bi Mize naye akaja akakaa kando yao, akawaegemea.

Mwasiti alipoweza kupumua akaingia ndani, akatoa vile vigae. Wakavisaga kwenye jiwe, mama upande huu, mtoto upande huu, mpaka vikawa unga. Wakachanganya. Wakakanda.

"Haya," Mwasiti akasema, "safari hii nifanye vipi?"

"Ile miwili haikuwa Siwema," Mashavu akasema. "Ilikuwa mizuri mno."

"Basi niambie."

"Tia pengo."

Mwasiti akabana mdomo wa mtungi kwa kidole, akaacha pengo mbele.

Bi Mize akasema, "Maji si yatamwagika hapo?"

"Yamwagike."

"Tia nywele," Mashavu akasema.

Mwasiti akachukua kijiti, akachora mistari minane shingoni mwa mtungi, imenyooka, inashuka kwenda nyuma. Mashavu akakiomba kijiti, akaukoroga mstari wa mwisho ukafumuka. Hapo wote watatu wakacheka, kicheko kifupi, wakatazamana kama watu walioiba.

"Kenge anasema alikuwa akimtolea ulimi," Mwasiti akasema. Akatia kijiulimi kidogo cha udongo chini ya pengo. "Na Kiboko anasema alikutungia wimbo." Akamwimbia mwanawe wimbo ule, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya tatu Mashavu aliimba naye, na mikono yake miwili alikuwa ameikandamiza ubavuni mwa mtungi, shavu la kulia na shavu la kushoto, alama zikabaki.

Wakauanika ndani, maana nje manyunyu yalikuwa yameanza. Wakangoja. Mawingu yalipofunguka asubuhi moja, wakaupanga kwenye kuni, wakawasha moto, wakakaa kusikiliza. Moto ukakolea. Hawakusikia kitu. Ukavuma. Hawakusikia kitu. Ukafa, majivu yakapoa, Mwasiti akayafukua kwa fimbo.

Mtungi ulikuwa mzima. Umepinda kidogo, na ubavu mmoja umeungua mweusi. Vijiji saba visingeukubali. Mwasiti aliukumbatia ungali wa moto, mpaka kifua kikambabuka.

Waliupeleka ukingoni, mahali pa juu ambapo mto haufiki. Wakauchimbia nusu kwenye ardhi. Watu wakaja, walewale waliolia matanga. Mwasiti akasimama mbele yao, akasema yote, tangu mtungi mkubwa hata lile neno lake la mwisho. Wengine waliinama. Mwanamke mmoja akamgeuzia mgongo akaondoka, na Mwasiti hakumlaumu. Kenge akatoka kwenye mawe, akautazama mtungi kwa muda, akautolea ulimi. Na mvua ikaja, ikaujaza, maji yakawa yanamwagikia pengoni, kidogo kidogo.

Mtaniuliza, je, uchungu ulikwisha? Haukwisha, wanangu. Lakini Mwasiti sasa alikuwa akitoka mlangoni anajua aelekee wapi. Alikuwa akienda, aking'oa majani yaliyoota, akiketi. Alikuwa akisema, "Siwema, nisamehe." Kisha akirudi kumpikia Mashavu.

Masika yalipokwisha, akatokea mrina asali mmoja kutoka nyuma ya mlima, jina lake Mbelwa. Mkewe alikuwa amefariki. Akaketi uani, kofia mkononi.

"Nimesikia unafinyanga mitungi ya waliokufa," akasema.

"Nimefinyanga mmoja tu."

"Nifinyangie wa mke wangu."

Mwasiti akasogeza udongo. "Alikuwaje?"

"Alikuwa mwema. Alikuwa mpole. Alikuwa mke mzuri."

"Hivyo ndivyo wanavyosema matangani. Mimi nakuuliza alikuwaje."

Mbelwa akaigeuza kofia mkononi. Akajikuna kidevu. Kisha akasema, "Alikuwa akikoroma. Nyuki wangu wote wakikusanyika hawafiki."

Akashangaa alilolisema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akajiinamia akalia kwa mabega.

Mwasiti hakumwambia nyamaza. Alilowesha mikono yake, akaanza kuukanda udongo, na akamwambia, "Endelea, ndugu yangu. Nakusikiliza."

Na mimi hadithi yangu imekomea hapo, palepale uani, mmoja anasimulia na mmoja anakanda.