Siku za Mwiko na Siku za Chokaa

Mwenye kuhesabu siku za mwiko, ahesabu na za chokaa. Mmeisikia leo mkacheka, sasa mwauliza imetoka wapi. Mimi nilihadithiwa na shangazi yangu Bi Somoe, mwaka ule nilioacha shule darasa la nne, tukipeta mchele. Methali hii ilianza hivi.

Mwanahawa alikuwa na jabia, birika kubwa la kuvunia maji ya mvua. Nyumba nne zilikunywa humo, maana visima vya kisiwa kile vilikuwa vya chumvi. Jabia likapata ufa. Akamwita Fundi Bwanaheri, mwashi wa kusifika.

"Siku ngapi, fundi?"

Bwanaheri akagonga ukuta kwa kidole. "Kumi na mbili, Bi. Ya kumi na tatu usinione hapa."

Mwanahawa akaamini. Akateka maji yaliyosalia, akazigawia nyumba zote nne mitungi ya siku kumi na mbili, na yaliyozidi akayamwaga, fundi apate pakavu pa kusimama.

Siku ya kumi na mbili kata zilikwaruza chini ya mitungi. Bwanaheri akaosha mwiko wake wa uashi, akatabasamu. "Nilisemaje? Nimekwisha!"

"Alhamdulillahi. Basi mvua ikija tufungulie mfereji."

"Ah, maji bado, Bi. Chokaa yataka siku ishirini ikauke."

"Ishirini! Zimetoka wapi?"

"Hizo si zangu. Hizo za chokaa."

Mwanahawa akahisi damu inampanda kichwani. "Bwanaheri, mimi nilikuuliza utashika mwiko siku ngapi? Nilikuuliza tutakunywa lini!"

"Ningetaja thelathini na mbili, ungemwita fundi mwingine."

"Ningemwita, au ningengoja. Lakini nisingemwaga maji! Watoto wa nyumba nne wanywe nini, tabasamu lako?"

Fundi akauokota mwiko wake, ataka kuondoka.

"Zako umemaliza," Mwanahawa akasema. "Za chokaa nazo utazifanyia kazi."

Siku ya tatu ya chokaa mvua ikanyesha. Wakalifunika jabia kwa makuti, wakaziba mfereji. Mitungi ikajaa mara moja, kisha Mwanahawa akasimama mlangoni, amefura, akiyatazama maji matamu yakienda zake baharini.

Bwanaheri akabeba maji kutoka kijiji cha pili, mzegazega begani, debe mbele na debe nyuma, alfajiri na alasiri. Wanawake wakamngojea njiani: "Fundi, leo siku ya nani?"

"Ya chokaa," akajibu, jasho likimtiririka.

Mtu akamsimamisha, ataka kujengewa ukuta. Bwanaheri hakutua hata mzigo. "Za mwiko sita, za chokaa kumi na tano. Hukutaka, tafuta mwingine."

Siku ya ishirini ilipopita, mvua ikarudi. Mfereji ukafunguliwa, jabia likapokea, wala halikuvuja tone. Mwanahawa akateka kata ya kwanza, akampa Bwanaheri. Hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Kunywa, fundi. Na kesho ukiulizwa siku ngapi?"

"Mwenye kuhesabu siku za mwiko," akasema Bwanaheri, "ahesabu na za chokaa."

Akanywa, akaegemea ukuta wa jabia, mzegazega mapajani, akalala papo hapo.