Maganda ya Ndizi Ndani ya Ekseli

Ekseli kunyamaza si kupona. Mliisikia jana mkutanoni, kinywani mwa Bi Subilaga, na niliona mlichofanya: mliangalia viatu vyenu. Wengine mkacheka. Hamkucheka kwa kuwa inachekesha, mlicheka ili msijue inamsema nani. Kuangalia pembeni mmejifunza kwetu sisi tuliowazaa, kwa hiyo siwezi kuwatukana peke yenu. Lakini mmenifuata hadi nyumbani kuuliza ilitoka wapi, basi kaeni, na leo mtaniangalia usoni. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Itekele, masika ya mwaka ule barabara ya juu ilipokatika, na mimi nilikuwapo.

Chama chetu cha maziwa kilikuwa na gari moja, la kijani, pana nyuma. Lilikuja kwetu likiwa kuukuu tayari. Asubuhi lilipeleka madebe ya maziwa mjini. Mtu akiugua, madebe yalishushwa, mgonjwa akapandishwa. Gari lingine halikuwapo. Kabla gari hilo halijaja, Tusekile, mke wa mwalimu wa kwaya, alimpoteza mtoto wake wa kwanza njiani, akiwa amebebwa mabegani juu ya kitanda. Mwaka ninaousimulia alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minane, na kijiji kizima kilijua kwamba siku ikifika atapanda gari lile.

Dereva alikuwa Ambokile, mtu wa maneno machache. Alianza kusikia mvumo nyuma ya gari, kama nyuki ndani ya mzinga. Akikanyaga mafuta, unapanda. Akiachia mguu, unageuka kuwa msago, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Akaingia chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia oili ya ekseli, ule mhimili wenye gia unaozungusha magurudumu ya nyuma, akaikinga kwa sufuria. Oili ilitoka na unga wa chuma. Aliileta sufuria ile mbele ya kamati, akachovya kidole, akatuonyesha. Kidole kiling'aa.

Sasa sikilizeni wakati wenyewe ulivyokuwa. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi alikuwa anakuja mgeni rasmi kutoka mkoani, naye angepakiwa ndani ya gari hilo hilo kwenda kuona mashine yetu ya kupoza maziwa. Gia mpya zingechukua wiki mbili kufika.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mwakitalu, akasema, "Ambokile, wewe ni dereva au daktari? Gari la zamani lazima liseme. Hata mimi nikiinuka, magoti yanasema."

Tukacheka.

"Magoti yako hayabebi wagonjwa, Mwenyekiti," Ambokile akajibu. "Gia zinajila zenyewe. Zikiisha kujila, magurudumu ya nyuma yatashika, yasizunguke tena, na sisi tuna mteremko wa darajani."

"Kwa hiyo mgeni tumpandishe punda?"

Hapo fundi Gwamaka, aliyekuwa ameegemea mlango, akakohoa. "Wazee, hilo la kelele niachieni. Nitalilisha maganda ya ndizi."

"Maganda?"

"Unayakata madogo madogo, unayashindilia ndani ya ekseli pamoja na oili nzito. Yanajaza nafasi kati ya meno ya gia. Gari linanyamaza kama limebatizwa. Ni kwa Jumamosi tu. Jumatatu tunafungua, tunasafisha, tunaagiza gia mpya."

Ndizi Itekele! Nani angekosa maganda? Mwenyekiti akauliza nani anaafiki. Mikono ikapanda. Na wangu ulikuwamo. Ambokile peke yake alibaki ameshika sufuria.

Jumamosi gari lilinyamaza kweli. Mgeni alishuka, akaligonga bodi kwa kiganja, akasema, "Mnajua kutunza mali ya umma." Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Jumatatu ikafika. Ambokile akaenda kwa Mwenyekiti kuuliza lini gari linafunguliwa.

"Linalia?"

"Halilii."

"Basi anayelia ni wewe."

Wiki iliyofuata alirudi, akajibiwa vilevile. Na sisi wengine? Tulikuwa tumesahau. Hapo ndipo palipokuwa na kosa letu, wanangu. Wakati gari linalia, kila mtu aliyepishana nalo barabarani aliuliza litatengenezwa lini. Liliponyamaza, hakuna aliyeuliza. Hata Ambokile, aliniambia baadaye, alifika mahali akajiuliza kama aliwahi kusikia kitu. Kwa kuwa sikio halikumsaidia tena, alianza kutumia mkono. Kila alipofika mjini alishuka, akaweka kiganja juu ya ekseli. Mwanzoni kilikaa. Wiki ya pili alihesabu hadi tano akakiondoa. Wiki ya tatu hakufika hata mbili.

Tusekile alikutana naye kisimani. "Kaka Ambokile, gari limepona?"

"Halilii, dada."

"Sikukuuliza kama linalia."

Ambokile akaokota ndoo yake, akaondoka.

Uchungu ulimshika Tusekile Alhamisi asubuhi, mvua ikinyesha. Madebe yakashushwa. Akalazwa nyuma juu ya godoro, mama mkwe wake akimshika mkono. Ambokile aliendesha taratibu, dirisha wazi, mvua ikimwingia, akisikiliza. Hakuna kilichosikika. Walipoanza mteremko wa darajani ikaja harufu, kama ndizi zilizosahauliwa jikoni. Mama mkwe akauliza, "Nani anachoma ndizi huku?" Kabla Ambokile hajamjibu, magurudumu ya nyuma yakashika. Gari likateleza kwenye tope, likazunguka, likagonga ukingo wa udongo hatua chache kabla ya mto.

Walikuwa hai wote watatu. Lakini gari halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Wanaume waliokuja kulisukuma walikuwa kama wanausukuma mlima. Wakang'oa kiti kirefu cha nyuma wakifanye machela, na wakati wanahangaika nacho, mtoto akazaliwa pale pale, kwenye matope. Hakulia. Mama mkwe alimpuliza, akamsugua, akamgeuza. Hakulia.

Wiki mbili baadaye gari likafunguliwa mbele ya watu. Gwamaka alitoa mfuniko. Ndani kulikuwa na uji mweusi wa maganda yaliyoungua, na meno ya gia yamelala humo kama meno ya mzee. Tulisimama tukikwepana macho.

Mzee Mwakitalu akasema kwa sauti ya chini, "Ni mipango ya Mungu. Nani angejua? Gari lilikuwa limenyamaza kabisa."

Tusekile alikuwa nyuma yetu, kanga mbili mabegani. Hatukujua amekuja.

"Hata mwanangu alinyamaza, mzee," alisema. "Ekseli kunyamaza si kupona."

Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna mjumbe wa kamati ile aliyeweza kulisikia neno lile bila kuutazama mkono wake mwenyewe, ule alioupandisha.

Sasa mnajua kwa nini Bi Subilaga aliisema jana. Alisimama kuuliza habari ya ufa wa ukuta wa darasa la nne, akajibiwa kwamba umepigwa lipu na rangi, mbona hauonekani tena. Nanyi mkaangalia viatu. Wadogo zenu wamekaa chini ya ukuta huo sasa hivi, nami naongea huku nimetega sikio. Inukeni. Wawili waende kuwatoa watoto nje, msiombe ruhusa ya mtu. Waliobaki tafuteni nyundo, tuibomoe lipu hiyo leo, kabla ya jua kuzama, tuone ilichokificha. Mkiambiwa ukuta umetulia, jibu mnalo: ekseli kunyamaza si kupona. Haya, mnangoja nini? Nendeni!