Mbwa wa Nakijwa na Zamu Moja ya Maji

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya wanyama kusema, maana mbwa wa hadithi hii hakusema neno hata moja na hilo ndilo lililoleta taabu yote, alikuwapo mjane mmoja katika milima ya Upare, jina lake Nakijwa. Mtoto hakujaliwa. Mume alikwisha kufa kwa kikohozi. Magoti yake yalikuwa yameshakataa jembe. Alibakiwa na dari, na mbwa, na zamu ya maji.

Dari ndiyo iliyomlisha. Ilikuwa juu ya jiko lake, kavu, yenye moshi wa kutosha, na kaya ishirini na mbili zilining'iniza humo mahindi yao ya mbegu kungoja mvua. Siku ya kupanda, kila kaya ilichukua mbegu zake na kumwachia Nakijwa kibaba kimoja. Usidhani walimpa kwa huruma. Walimpa kwa sababu dari yake haikuwa na panya.

Na haikuwa na panya kwa sababu ya mbwa. Kimo chake kama kuku mtetea, miguu mifupi, masikio makubwa kuliko kichwa. Nakijwa alimwita Mtachoka, ili majirani waliomsema kwa kulala nyumba moja na mbwa wapate jibu lao kila alipomwita mezani. Mtachoka alipanda ngazi asubuhi, akashuka na panya. Alipanda mchana, akashuka na panya.

Zamu ya maji nayo ilikuwa hivi. Watu wa huko walichimba bwawa dogo juu ya mashamba, wenyewe huliita ndiva. Kijito hulijaza, na asubuhi mwenye zamu huondoa jiwe tunduni na kupeleka maji shambani kwake. Zamu ya Nakijwa ilifika kila siku ya nane. Kiangazi mwenye zamu hula maharage. Asiye na zamu hula anachopewa.

Basi Mtachoka akaanza kujikuna.

Alijikuna asubuhi, panya wakapita. Alijikuna mchana, panya wakapita. Alilamba nyayo zake mpaka zikawa nyekundu, akasugua tumbo kwenye kizingiti, akautafuna mkia wake kana kwamba ni wa mbwa mwingine. Manyoya yakatoka kiunoni. Vikaja vidonda, na baada ya vidonda wakaja nzi.

Wenye mbegu wakaanza kupita kusalimia. Waliuliza habari ya magoti huku macho yao yako darini. Mwishowe walisema wazi: wanampa miezi mitatu. Mbwa akiwa bado anajikuna, kila mtu atashusha mahindi yake akayatundike kwake. Nakijwa aliwaelewa. Angekuwa na mbegu, naye angesema vilevile. Lakini alipohesabu vibaba ishirini na viwili vikitoka mlangoni, aliona kwamba kiangazi kinachofuata hatakiona.

Siku ya mkutano wa maji akasimama pale ndivani, mbele ya watu wote.

"Atakayemponya mbwa wangu, nampa zamu yangu. Nampa moja kwa moja, siazimishi."

Mtu mmoja akauliza kama amesikia sawasawa, zamu ya maji kwa ajili ya mbwa.

"Kwa ajili ya mbwa," akasema Nakijwa. "Mume wangu angekuwa hai ningesema kwa ajili ya mume. Sasa nimebaki na mbwa."

Wa kwanza kuja alikuwa Kajiru, fundi wa vibuyu, mtu aliyehamia kutoka mlima wa pili na ambaye hakuwa na zamu ya maji hata ya siku moja. Vibuyu vyake vilikunywa umande na bahati. Alimtazama mbwa, akaenda zake. Kesho yake akarudi na kibuyu kilichokatwa chini na juu, ukingo umesuguliwa kwa jani la msasa, ndani kimezungushiwa kitambaa. Akamvisha mbwa shingoni. Kichwa cha Mtachoka kikatokea katikati kama ua lisilo na harufu nzuri. Akajaribu kulamba kidonda, ulimi ukaishia kwenye kibuyu. Akajaribu kutafuna mkia, akazunguka mara tatu, akaanguka.

Kijiji kizima kilikuja kucheka. Hakuna aliyeuliza kibuyu kile kimetoka wapi. Kilikuwa kibuyu cha mbegu cha Kajiru, kimoja tu, kile fundi anachokiacha kikauke na mbegu zake tumboni kwa ajili ya mwaka ujao. Alikuwa amekikata kikiwa kibichi bado, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na upana wa shingo ile. Mbegu zilizokomaa alipata tatu.

Mbwa mwenye kibuyu hapandi ngazi. Panya wakapita. Nakijwa akapanda mwenyewe, kwa magoti yale yale, akakaa darini na fimbo. Aliua wawili na kuvunja chungu. Hata hivyo panya walimaliza mahindi ya kaya mbili, na kaya hizo hazikusahau kutaja kibuyu.

Wa pili alikuwa Kangero, shemeji yake, mdogo wa marehemu. Kangero alikuwa na watoto saba, mke, na maharage yaliyopandwa mbali na mfereji. Kila siku ya gulio alishuka tambarare kuchukua dagaa za kuuza, na sasa akawa amegundua jambo. Kila akirudi na dagaa, kesho yake mbwa hujikuna maradufu. Akamwambia Nakijwa amwachishe mbwa dagaa kabisa. Kwa wiki nane Mtachoka asile ila ugali wa mtama na mchuzi wa mifupa ya mbuzi, nyama ambayo tumbo lake halijawahi kuijua. Asipewe masalio ya jirani, asipewe hata kichwa cha samaki kwa kumhurumia. Mifupa Kangero aliileta mwenyewe, na huko kwake watoto saba wakaitazama ikiondoka.

Wa tatu alikuwa Namsifu, wifi yake, dada mkubwa wa Kangero. Namsifu na Nakijwa walikuwa hawajasemezana vizuri tangu arusi. Alikuja siku hiyo hiyo ya mifupa, akapita bila kubisha hodi, akainama mahali mbwa anapolala, akachukua mto wa manyoya ya kuku uliokuwa pale, akaukung'uta uani. Likatoka vumbi la kumpaliza mtu, na viroboto wakatoka kwa miguu yao. Akaubeba mto akaenda kuutia kwenye pipa kwake, akarudi na majani makavu ya mgomba, akayatandika. Tangu hapo kila Jumamosi alibadilisha majani. Kila Jumamosi alimwosha mbwa kwa maji ya baridi yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini na kupoa, akamsuuza, akamkausha katikati ya vidole. Na kila jioni mbwa akitoka kwenye nyasi, alimfuta nyayo. Nguo ya kumfutia alikuja nayo, maana hakuamini nguo za Nakijwa.

Wiki ya kwanza mbwa alijikuna. Wiki ya tatu alijikuna kidogo. Wiki ya sita alisahau kujikuna. Wiki ya nane manyoya yakaziba kiuno, Kajiru akamvua kibuyu, Mtachoka akajipukuta, akatazama ngazi, akapanda. Kabla ya mchana alishusha panya kumi na mmoja, akawapanga mlangoni.

Wenye mbegu wakaja, wakahesabu panya, wakasema mahindi yabaki. Nakijwa akapona njaa. Sasa ikabaki ahadi.

Walikutana ndivani wote watatu, na msimamizi wa maji akiwapo, mtu mwenye haraka. Kwanza kabisa aliwaambia wasijisumbue kugawana. Maji ya siku moja yakipelekwa mashamba mawili, yote yanaishia kwenye mchanga wa mfereji na hakuna shamba linalolowa. Zamu ni ya mmoja.

"Basi ni yangu, shemeji," akasema Kangero. "Uwasho ulikuwa tumboni kwake, na uliingia kwa mdomo. Mimi nimeufunga mdomo. Wengine wamecheza na maji."

"Nimesikia," akasema Nakijwa.

"Uwasho ulikuwa kwenye ngozi, wifi, na ngozi haili ugali," akasema Namsifu. "Jumamosi nane nimeinama juu ya mbwa wako, mimi na mgongo huu. Wewe mwenyewe mwenye mbwa ulikuwa umekaa darini kama kuku anayeatamia."

"Nimesikia."

"Mimi sijui uwasho ulikuwa wapi, mama," akasema Kajiru. "Nilichokiona ni mbwa anayejila mwenyewe. Huyu analeta mifupa, huyu analeta majani, na mimi nimewatunzia mbwa wa kumpa. Bila kibuyu wangemlisha na kumwosha nani?"

"Nimesikia," akasema Nakijwa. "Na mimi nina maneno. Vumbi la dagaa lililobaki chini ya gunia, Kangero, nani aliyekuwa akiniletea kila gulio, akisema mpe mbwa, watu hawali hili?"

Kangero akatazama mlima.

"Na mto ule ulikuwa wa marehemu. Nani aliyeniletea siku ya matanga, akasema hawezi kuutazama, aulalie hata mbwa?"

Namsifu akafunga upya kanga yake, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Kajiru hakuleta ugonjwa. Ila kaya mbili zitapanda mbegu za kuomba kwa sababu ya kibuyu chake."

Kajiru akasema hilo ni kweli.

Nakijwa alirudi nyumbani akafikiri. Hakuwa mtu wa kulalia jambo. Aliona kuna njia moja tu ya kujua, nayo haikuwa nzuri. Akampa Mtachoka dagaa, huku majani na kuoshwa vikiendelea. Siku ya nne mbwa akajikuna. Kangero akapiga makofi. Wakamwachisha dagaa, wakangoja mpaka akatulia. Kisha Namsifu akarudisha ule mto, akaacha kumwosha, huku mtama na mifupa vikiendelea. Siku ya tatu mbwa akajikuna. Namsifu hakupiga makofi. Alimtazama tu mdogo wake mpaka Kangero akainamisha uso. Wakauondoa mto, wakamwosha mbwa, wakangoja tena.

Ikawa wazi hivi: Kangero peke yake asingemponya. Namsifu peke yake asingemponya. Kila mmoja alikuwa ameponya nusu, tena ile nusu aliyoileta mwenyewe.

Ikaja zamu ya Kajiru kupimwa. Na kibuyu hakipimwi ila kwa vidonda. Ilibidi mbwa arudishiwe dagaa na mto pamoja mpaka atoke vidonda, kisha atibiwe bila kibuyu, ionekane kama angefika wiki ya nane.

"Sitaki kupimwa," akasema Kajiru. "Mbwa ameshajikuna mara mbili kwa ajili yetu. Kama maji ni kwa hilo, bora niyakose."

Kangero akasema basi amejitoa mwenyewe, mambo yameisha. Namsifu akasema mtu anayekataa kupimwa anajua atakachokutwa nacho, na upole ni rahisi kwa mwenye hoja nyepesi. Nakijwa hakulia wala hakuguswa kwa namna ya kuonekana. Alimtazama Kajiru kama anavyotazamwa mgeni aliyekataa chai. Alijua kwamba kumhurumia mbwa si kumponya. Alijua pia kwamba yeye mwenye mbwa ndiye aliyekuwa amemrudishia uwasho mara mbili, wala hakuna aliyemlazimisha.

Kiangazi hakikungoja wamalize. Maharage ya Kangero yakaanza kuwa manjano kwenye kingo, na watoto saba wakawa wanayachungulia kila asubuhi kama mgonjwa. Shamba la Namsifu lilikuwa lile lile la baba yake, ambalo zamani ndilo lililokuwa na zamu hiyo kabla kaka yake, marehemu, hajamwoa Nakijwa na kuihamishia kwake. Hakuwahi kulisema hilo hadharani hata siku moja, na kila mtu alilijua. Kajiru alikuwa amepanda mbegu zake tatu. Mbili zilikuwa zimeota.

Ikafika siku ya nane. Alfajiri Nakijwa akapanda ndivani, polepole, kwa sababu ya magoti. Bwawa limejaa mpaka ukingoni. Chini yake mifereji mitatu ilikuwa imesafishwa. Kwenye mdomo wa mfereji wa kwanza amesimama Kangero na jembe, kwenye wa pili Namsifu na jembe, kwenye wa tatu Kajiru, ambaye alisema amekuja kutazama tu, lakini naye alikuwa na jembe. Msimamizi wa maji akamwambia Nakijwa aamue, jua likitoka maji yanaanza kupungua. Nakijwa akainama, akashika jiwe kwa mikono miwili.

Mkono wake uko juu ya jiwe. Ninyi mliokaa hapo mkisikiliza, hasa ninyi mnaojua kila kitu, mwambieni haraka kabla jua halijatoka: maji haya ya Mtachoka, ni ya nani?